Chumvi, Rovu na Darubini: Historia ya Utambuzi na Tiba ya Aina Adimu za Saratani ya Tezi Dundumio katika Ukanda wa Bagamoyo

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya utambuzi na tiba ya saratani ya tezi dundumio, hususan aina zinazohesabiwa kuwa adimu, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 21. Kata ya Kiwangwa, iliyo bara kidogo kutoka mji wa Bagamoyo, imechukuliwa kuwa mahali pa kutazamia historia hiyo kwa sababu iko kati ya mashamba ya chumvi ya pwani na hospitali za rufaa za Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba uadimu wa aina fulani ya saratani una historia yake. Sehemu moja ya historia hiyo imo katika udongo, chakula na chumvi. Sehemu nyingine imo katika maabara, yaani katika uwezo wa jamii kuutazama uvimbe kwa darubini na kuupa jina. Insha inaonesha kwamba mabadiliko ya sehemu hizi mbili hayakwenda kwa kasi moja, na kwamba pengo lililobaki kati yake ndilo linaloamua hatima ya mgonjwa wa leo.

1.0 Utangulizi

Kiwangwa inafahamika zaidi kwa mananasi. Wakulima wake, wengi wao Wakwere, Wazigua na Wadoe pamoja na wahamiaji kutoka mikoa mingine, hulima pia muhogo na mahindi, na mazao yao hupita katika barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Barabara hiyohiyo ndiyo njia ya mgonjwa. Mtu anayeota uvimbe shingoni huanza kwa mganga wa jadi au zahanati, hupelekwa hospitali ya wilaya, na ikilazimu hupewa rufaa ya kwenda Muhimbili na Ocean Road. Katika kila kituo uvimbe wake hupewa maelezo mapya. Nyumbani ni rovu. Zahanati ni goita. Hospitali ni kinundu cha tezi. Na maabara, endapo kinyama kitafika huko, ndiko hatimaye unakopata jina lenye kuongoza tiba.

Historia ya tiba katika ukanda huu imeandikwa zaidi kwa kufuata magonjwa ya kuambukiza. Jambo hilo lina sababu. Malaria, kichocho, matende na ndui ndiyo yaliyozishughulisha serikali za kikoloni na baadaye serikali huru. Hata katika karne ya 21 Bagamoyo iliingia katika ramani ya sayansi ya dunia kwa njia ya malaria: kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoko mjini humo kilikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vilivyoshiriki majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Saratani ya tezi dundumio haikuwa na mtetezi wa namna hiyo. Ni ugonjwa usioambukiza, unaokwenda polepole mara nyingi, na unaojificha ndani ya uvimbe ambao wanakijiji wameuzoea kwa vizazi. Kuchunguza historia yake, kwa hiyo, ni kuchunguza jinsi ugonjwa unavyoweza kuwapo kwa muda mrefu bila kuhesabiwa.

2.0 Tezi, Madini Joto na Maana ya Neno "Adimu"

Tezi dundumio iko mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia nishati, na kwa kazi hiyo inahitaji madini joto, yaani iodini, takribani mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima. Madini hayo yakipungua, tezi huchochewa ifanye kazi kwa bidii zaidi na hatimaye huvimba. Uvimbe huo ndio rovu. Rovu si saratani, na wengi walio nalo hawapati saratani kamwe. Hata hivyo, tezi iliyochochewa kwa miaka mingi huota vinundu, na katika baadhi ya vinundu hivyo seli hubadilika.

Saratani za tezi hii hugawanywa kwa kufuata seli zilikoanzia na kiasi zilivyopoteza sura yake ya asili. Aina ya papilari ndiyo inayotawala duniani leo. Katika nchi zenye madini joto ya kutosha huchukua zaidi ya kesi nane katika kila kumi. Aina ya folikulari huifuata. Aina nyingine zote huitwa adimu. Miongoni mwake imo ya onkositi, ambayo kwa muda mrefu ilibeba jina la Karl Hürthle ingawa seli alizozieleza mwaka 1894 zilikuwa nyingine. Shirika la Afya Duniani liliacha jina hilo katika mpangilio wake wa mwaka 2022. Imo pia aina ya medula, ambayo haitoki katika seli zinazotengeneza homoni ya tezi, bali katika seli C zinazotoa kalsitonini. Iko aina ambayo seli zake zimepoteza sehemu kubwa ya sura yake ya asili, iliyoelezwa na Theodor Langhans mjini Bern mwaka 1907. Iko limfoma ya tezi. Na iko ya anaplastiki, iliyo kali kuliko zote, ambayo wagonjwa wengi huishi nayo kwa miezi tu tangu itambuliwe.

Mpangilio huu unaonekana kana kwamba umetolewa na maumbile, lakini uliandikwa mahali fulani na wakati fulani. Langhans aliiona aina yake Bern kwa sababu Bern ilikuwa mji wa marovu. Uswisi ya karne ya 19, nchi ya milima isiyo na pwani, iliathiriwa mno na upungufu wa madini joto. Mwaka 1928 Carl Wegelin, mwanapatholojia wa mji huohuo, alilinganisha uchunguzi wa maiti wa Bern na wa Berlin, akaonesha kwamba saratani ya tezi ilikuwa nyingi zaidi mahali penye rovu. Uchunguzi wa baadaye uliongeza jambo la pili: pamoja na wingi, rovu hubadili pia uwiano wa aina. Katika maeneo yenye upungufu wa madini joto, aina ya folikulari na ya anaplastiki huwa na uzito mkubwa zaidi. Madini joto yakirejeshwa, papilari hupanda na nyingine hushuka. Mfano unaofahamika zaidi ni wa mkoa wa Salta nchini Argentina, ambako Rubén Harach na E. D. Williams walilinganisha saratani za kabla na za baada ya chumvi kutiwa madini joto.

Hivyo basi, kusema kwamba aina fulani ni adimu ni kusema jambo juu ya chumvi ya wanaohesabiwa. Kilicho adimu Stockholm au Boston si lazima kiwe adimu Ukinga, Pemba au Kiwangwa.

3.0 Hospitali Mbili za Mwaka 1897

Njia ya rufaa anayopita mgonjwa wa Kiwangwa ilianza kuchorwa Bagamoyo kwenyewe. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia aliyetajirika kwa kugharimia na kuandaa misafara ya kwenda bara, alitumia sehemu ya mali yake kwa elimu na tiba. Shule aliyoijenga Bagamoyo bado inajulikana, na fedha alizotoa zilijenga hospitali mjini Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Waasia. Alifariki mwaka 1897. Mwaka huohuo Wajerumani walifungua ufukweni hospitali yao ya Ocean Road, iliyokuwa ya Wazungu peke yao. Robert Koch ni mmoja wa wanasayansi waliofanya kazi humo.

Hospitali hizo mbili, zilizotenganishwa kwa rangi ya wagonjwa wake, ndizo mizizi ya taasisi mbili ambazo leo zinagawana saratani ya tezi. Hospitali ya Sewa Haji ilirithiwa mwaka 1956 na Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Huko ndiko kuna wapasuaji na wanapatholojia. Ocean Road, baada ya kutumika kwa kazi mbalimbali, iligeuzwa kuwa mahali pa tiba ya mionzi, na kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea ya saratani. Huko ndiko kuna mionzi na dawa. Jengo lililomfungia mlango Mwafrika kwa asili ya kuasisiwa kwake ndilo lililokuja kuwa tumaini la mwisho la mkulima wa bara.

Katika kipindi cha ukoloni, Wajerumani kwa Waingereza, saratani haikupewa nafasi. Madaktari wengi waliamini kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa watu wa miji ya Ulaya na kwamba Waafrika hawakuupata ila kwa nadra. Imani hiyo ilijengwa juu ya kutohesabu: wagonjwa wachache walifika hospitali, vinyama vichache vilikatwa, na uchache wa taarifa ukachukuliwa kuwa uchache wa ugonjwa. Iliyoitikisa imani hiyo katika Afrika Mashariki ni kazi ya Kampala, ambako mapema katika miaka ya 1950 Jack Davies na wenzake wa Makerere walianzisha rejista ya saratani, na ambako Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya wa watoto ambao baadaye ulipewa jina lake. Uvimbe huo ulikuwapo kabla ya Burkitt. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuuliza, maabara ya kujibu na daftari la kuandika. Funzo la Kampala linahusu tezi dundumio vilevile.

Kwa Tanganyika, uwezo wa namna hiyo ulianza kukua baada ya uhuru. Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na kutokana nayo kikapatikana Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Kuwafunza wanapatholojia ndani ya nchi kulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana, kwa sababu bila mtaalamu huyo kila uvimbe wa shingo hubaki kuwa rovu.

4.0 Chumvi: Kutoka Ukinga hadi Pwani

Mwaka 1965 Michael Latham alichapisha uchunguzi wake juu ya rovu huko Ukinga, katika nyanda za juu za kusini. Alikuta ugonjwa ulioenea kiasi kwamba shingo iliyovimba ilikuwa jambo la kawaida. Maelezo ya kijiografia yalikuwa wazi: mvua za karne nyingi huosha madini joto kutoka katika udongo wa milima na kuyapeleka baharini, na anayekula mazao ya udongo huo pekee hukosa madini hayo.

Kazi ya kukabiliana na hali hiyo iliangukia Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973. Uchunguzi wake wa miaka ya 1980 ulionesha kwamba takribani watu wanne katika kila kumi waliishi katika maeneo yenye upungufu. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, vikawafikia mamilioni ya watu. Vidonge vilikuwa hatua ya dharura. Suluhisho la kudumu lilikuwa chumvi, na kanuni za mwaka 1994 ziliagiza chumvi ya kuliwa itiwe madini joto. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004, ulioongozwa na Vincent Assey na wenzake na kuhusisha zaidi ya watoto 140,000 wa shule, ulikuta zaidi ya kaya nane katika kila kumi zikitumia chumvi yenye madini joto, na rovu likiwa limeshuka kutoka makadirio ya 25% katika miaka ya 1980 hadi takribani 7%. Ni mafanikio makubwa ya afya ya jamii, ingawa hayakuadhimishwa kama chanjo zinavyoadhimishwa.

Pwani ilikuwa na nafasi ya ajabu katika habari hii. Kwa kuwa madini joto huishia baharini, ilidhaniwa kwamba watu wa pwani wamekingwa kwa kuzaliwa. Dhana hiyo ilivunjwa na Zanzibar. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliochapishwa mwaka 2006, ulionesha kwamba upungufu ulikuwapo visiwani, Pemba zaidi kuliko Unguja, huku samaki na bahari viko mlangoni. Sababu moja ni chumvi yenyewe. Maji ya bahari yanapokaushwa kwa jua, kiasi cha madini joto kinachobaki ndani ya chumvi ni kidogo mno kukidhi mahitaji ya mwili. Chumvi ya pwani ni ya bahari, lakini haina kinga ya bahari mpaka itiwe madini joto kwa mkono wa mtu.

Bagamoyo ni mahali pa chumvi kama hiyo. Mashamba yake ya chumvi, yenye mabwawa ya kina kifupi yanayoachiwa jua na upepo, yamezalisha kwa muda mrefu chumvi inayouzwa mjini na bara. Wazalishaji wakubwa wanaweza kumiliki mashine za kunyunyizia madini joto. Mzalishaji mdogo, anayekusanya kwa reki na kuuza kwa debe au kiroba, ndiye ambaye kanuni za 1994 zilimfikia kwa taabu. Chumvi yake huuzwa kwa bei nafuu, na mwenye kununua kwa kipimo kidogo katika kijiji cha bara ndiye mteja wake wa asili. Kwa njia hiyo, kaya iliyo mwendo mfupi kutoka baharini inaweza kula chumvi ya bahari kila siku na bado ikapungukiwa.

Muhogo unaongeza jambo jingine. Muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha huacha sayanidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thayosayaneti. Nayo huzuia tezi kuchukua madini joto. Pale madini yanapotosha, athari hiyo ni ndogo. Pale yanapopungua, hulizidisha rovu. Kuloweka, kukausha na kutwanga, ambako akina mama wa pwani wanakujua tangu kale, ni kinga ya tezi hata kama hakukuanzishwa kwa nia hiyo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba chumvi huponya kizazi kijacho kabla ya kukiponya kilichopo. Mtoto aliyezaliwa baada ya 1994 alikua na tezi tofauti na ya bibi yake. Bibi, aliyeishi miongo mitatu au minne bila madini joto ya kutosha, anabeba vinundu ambavyo chumvi haiwezi kuviondoa. Saratani ya anaplastiki huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, na mara nyingi huota ndani ya rovu la siku nyingi. Kwa hiyo athari ya upungufu wa miaka ya 1960 na 1970 inaendelea kufika hospitali muda mrefu baada ya takwimu za rovu la watoto kushuka.

5.0 Utambuzi: Kidole, Sindano na Darubini

Chombo cha kwanza cha utambuzi kilikuwa kidole cha mganga. Uvimbe mgumu, usiosogea mgonjwa anapomeza mate, unaokua kwa wiki badala ya miaka, ulioambatana na sauti kukauka au tezi za limfu kuvimba, ulitiliwa shaka tangu zamani. Dalili hizo bado ni muhimu kwa sababu hazihitaji umeme. Kasoro yake ni kwamba zikikamilika, mara nyingi wakati umepita.

Sindano nyembamba ya kufyonza seli, iliyoendelezwa Sweden katika miaka ya 1950 na 1960, ilibadilisha kazi hiyo. Ni rahisi, haihitaji kulaza mgonjwa, na kwa aina ya papilari hutoa jibu zuri kwa sababu viini vya seli zake vina sura ya pekee. Ikasambaa duniani pamoja na ultrasaundi, na kwa nchi yenye wapasuaji wachache ilionekana kuwa jibu la haja yao.

Hapa ndipo historia ya chumvi inapokutana na historia ya maabara. Sindano haiwezi kutofautisha uvimbe wa folikulari usio na madhara na saratani ya folikulari. Seli za vyote viwili hufanana. Tofauti ni endapo zimepasua gamba la uvimbe au kuingia ndani ya mishipa ya damu, na hilo huonekana tu pale uvimbe mzima unapotolewa na kukatwa vipande vingi. Kwa maneno mengine, kipimo kilicho nafuu kilikamilishwa katika nchi ambazo papilari ndiyo kawaida, na udhaifu wake mkubwa uko katika aina ambayo upungufu wa madini joto huikuza. Jibu la sindano lisemalo kwamba hakuna seli za saratani lina uzito tofauti kwa mtu aliyekulia penye rovu, na daktari asiyeijua historia hiyo anaweza kulipokea kwa utulivu usiostahili.

Aina adimu nyingine zina matatizo yake. Aina ya medula ilitengwa rasmi mwaka 1959 na Hazard, Hawk na Crile wa Cleveland. Kabla ya hapo ilihesabiwa pamoja na za anaplastiki. Takribani robo ya kesi zake hurithiwa, na tangu mwaka 1993 inajulikana kwamba chanzo ni hitilafu ya jini iitwayo RET. Kuitambua ni kuitambua familia nzima, kwani ndugu na watoto wa mgonjwa wanapaswa kupimwa, na mtoto aliyerithi anaweza kutolewa tezi kabla saratani haijaanza. Hata hivyo, uthibitisho wake hutegemea rangi maalumu za kinga zinazoonesha kalsitonini ndani ya seli. Pasipo rangi hizo, mwanapatholojia hubaki na sura ya seli na rangi za kale, kama ile inayoonesha amiloidi, na familia inaweza kuondoka bila kuambiwa.

Limfoma nayo hufanana na ya anaplastiki: uvimbe unaokua haraka kwa mtu mzima, unaobana koo na pumzi. Lakini limfoma nyingi husikia dawa na mionzi, na hazihitaji upasuaji mkubwa. Kuichukua limfoma kuwa ya anaplastiki ni kumkatia tamaa mtu anayeweza kupona. Katika aina zote za saratani ya tezi, hakuna mahali ambapo jina lina thamani kubwa kuliko hapa.

Kwa mgonjwa wa bara, jina hilo hutegemea mlolongo mrefu: kinyama kiwekwe katika fomalini ya kutosha, kiandikwe vizuri, kisafirishwe, kilipiwe, kisomwe, na jibu limrudie mwenyewe. Kila hatua ni mahali pa kupotea. Aina kali zaidi ndiyo isiyoweza kungoja, nayo hupimwa kwa njia ileile ya wiki nyingi inayotumika kwa aina inayokwenda polepole.

6.0 Tiba: Kisu, Iodini na Dawa Mpya

Upasuaji wa tezi ulikuwa wa kutisha hadi mwishoni mwa karne ya 19. Theodor Kocher wa Bern, kwa utaratibu wake wa kuzuia damu na wadudu, alipunguza vifo kutoka zaidi ya mgonjwa mmoja katika kumi hadi chini ya mmoja katika mia, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Yeye pia aligundua, kwa gharama ya wagonjwa wake wa mwanzo, kwamba mtu aliyeondolewa tezi yote hudhoofika mwili na akili. Thairoksini ilitenganishwa na Edward Kendall mwaka 1914 na kutengenezwa maabara na Harington na Barger mwaka 1927. Tangu hapo kuondoa tezi yote kumewezekana, kwa sharti kwamba mgonjwa apate kidonge kila siku ya maisha yake. Sharti hilo ni zito penye duka moja la dawa. Ndiyo maana swali la mpasuaji, atoe nusu au yote, limekuwa pia swali juu ya mahali mgonjwa anakoishi.

Tiba ya pili ilizaliwa kutokana na uroho wa tezi kwa madini joto. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wa New York walitoa taarifa ya mgonjwa ambaye saratani yake iliyosambaa ilidhibitiwa kwa iodini yenye mionzi. Seli za saratani zilizobaki na tabia ya mama yake huifyonza iodini hiyo popote zilipo mwilini, na mionzi huziua kutoka ndani. Kwa aina ya papilari na ya folikulari ni silaha isiyo na mfano wake katika saratani nyingine. Ocean Road imejenga huduma ya tiba nyuklia kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Dawa yenyewe hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya siku nane, hivyo ratiba ya ndege na ratiba ya mgonjwa hazina budi kukutana. Na kabla ya kuimeza, mgonjwa hutakiwa kujiepusha kwa wiki moja au mbili na chumvi yenye madini joto, ileile ambayo taifa limefanya kazi ya miongo kumfikishia. Mshauri asiyeeleza sababu huacha nyuma yake mashaka yanayoweza kuenea kijijini.

Aina nyingi zilizo adimu hazimo katika baraka hii. Ya medula haifyonzi iodini kwa kuwa seli zake si za folikula. Ya anaplastiki imesahau kufyonza. Ya onkositi mara nyingi hufyonza kidogo. Kwa miongo mingi wagonjwa hawa walibaki na kisu, mionzi ya nje na, mwisho, tundu la kupumulia shingoni. Mabadiliko yamekuja kwa dawa zinazolenga hitilafu mahususi za jini: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dabrafenibu pamoja na trametinibu kwa saratani ya anaplastiki yenye badiliko la BRAF, na mwaka 2020 selpakatinibu kwa zile zenye hitilafu ya RET. Dawa hizi zimefungua mlango, lakini ufunguo wake ni kipimo cha jini, na kipimo hicho huja baada ya darubini, kinyama na rufaa. Anayekosa hatua ya kwanza haifikii ya mwisho.

Penye kukosekana tiba ya kuponya, huduma ya kupunguza maumivu imekuwa sehemu ya kazi ya Ocean Road, pamoja na mofini ya kunywa. Historia ya tiba isiyoitaja huduma hiyo ingekuwa historia ya waliopona tu.

7.0 Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, aina za saratani ya tezi dundumio zinazoitwa adimu zilipewa cheo hicho na takwimu za mahali penye madini joto ya kutosha. Kuzichukua takwimu hizo kama zilivyo na kuzitumia kwa kizazi kilichokulia penye upungufu ni kosa la kihistoria lenye matokeo ya kitabibu. Pili, Tanzania imefanikiwa zaidi katika kubadili chumvi kuliko katika kubadili utambuzi. Kanuni ya 1994 iliingia jikoni kwa kasi ambayo maabara ya patholojia haijaweza kuifuata kwenda wilayani. Tatu, kushuka kwa rovu kwa watoto kunaweza kuwasahaulisha wahudumu kwamba watu wazima wangali na vinundu vya zamani, na uvimbe unaokua upesi katika shingo hizo unahitaji kinyama ndani ya siku chache.

Kwa Kiwangwa na vijiji mfano wake, maana ya matokeo haya ni ya vitendo. Chumvi ya wazalishaji wadogo wa pwani inahitaji kufuatiliwa hadi inapouzwa kwa kipimo. Rejista za saratani zinapaswa kuandika aina ya uvimbe pamoja na mahali mgonjwa alikokulia, kwa kuwa mahali hapo ni sehemu ya utambuzi. Na mhudumu wa zahanati, ambaye ndiye wa kwanza kuugusa uvimbe, anastahili kufundishwa kuuliza swali moja linalobeba historia yote iliyoelezwa hapa: rovu hili lilianza lini, na limebadilika tangu lini?